Mstari Mwekundu

Msomaji, kama hujawahi kusaini daftari la mahudhurio lenye mstari mwekundu, mshukuru Mungu na uendelee na shughuli zako. Sisi wengine tunaujua mstari huo kuliko tunavyojua sura za majirani zetu. Ofisini kwetu, mjini Moshi, ulikuwa unapigwa saa mbili kamili asubuhi. Ukifika saa mbili kasoro dakika moja unasaini juu yake, na wewe ni mtu. Ukifika saa mbili na dakika tatu unasaini chini yake, na hata kama uliamka saa kumi usiku, basi wewe ni mvivu.

Aliyekuwa akiupiga mstari huo ni mimi.

Ndiyo, mimi. Nimeajiriwa kama karani wa hesabu, lakini ofisi ndogo hazina mtu mwenye kazi moja. Natunza daftari, nachapa barua za bosi, nafuatilia risiti, na mashine ya kutoa nakala ikikwama naitwa mimi. Kila asubuhi nilikuwa nachukua rula na kalamu nyekundu, naangalia saa ya ukutani, halafu naupiga. Sitaki kusema uongo: nilikuwa naona raha kidogo. Mtu anapanda ngazi anahema, nami nimekaa pale na rula yangu kama hakimu.

Basi bwana, malipo ni hapa hapa duniani.

Mimi nakaa Masama. Baba alitutoka mwaka 2016, na kwetu Uchaggani mziwanda wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba, wakubwa wakienda kutafuta maisha. Kaka zangu wako Dar es Salaam na Mwanza. Siwalaumu. Wanatuma pesa, na Desemba wanapanda na familia zao, tunachinja mbuzi, nyumba inajaa kelele. Ikifika wiki ya kwanza ya Januari wameshaondoka, kihamba kinabaki na migomba, kahawa, ng'ombe wawili, mama na mimi.

Ili nifike ofisini kabla ya mstari, nilikuwa natoka nyumbani bado giza. Unashuka kwa tochi mpaka barabarani, unasubiri Hiace ijae, unashuka nayo hadi Kwa Sadala, unagombea gari jingine linaloelekea Moshi. Unavuka Kikafu, unavuka Weruweru, shingo imepinda maana mtu mwingine ameweka kikapu cha parachichi pale kichwa chako kilipotakiwa kuwa. Konda anasema, "Sogea kaka, nafasi ipo." Ipo wapi? Lakini nilikuwa nafika. Miaka minne sikusaini chini ya mstari hata mara moja.

Mwezi Machi 2022 mama alipata kiharusi. Alianguka mgombani, mundu bado mkononi, akikata majani ya ng'ombe. Upande wa kulia ukalala na maneno yakawa mazito. Alipotoka hospitali nilichukua likizo yangu yote, siku 28. Baada ya hapo tukapata binti wa kazi, msichana mzuri, akakaa nasi hadi Desemba. Akaaga kwenda kwao kula Krismasi. Mpaka leo hajarudi. Wanaojua mambo ya mabinti wa kazi hawatanishangaa.

Hapa nieleze jambo ambalo vijana wenzangu wa mjini pengine hawajalifikiria. Mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake. Kumlisha uji, sawa. Kumpondea mtori ushuke vizuri, sawa. Kumpa dawa, kumgeuza kitandani asipate vidonda, nilijifunza yote hayo. Lakini kumwogesha na kumvalisha, hapana. Na hata mimi ningejikaza, yeye asingekubali. Mdomo wake haukuweza kusema, lakini macho yake yaliweza.

Akatokea mama mmoja jirani, tunapakana naye mpaka wa masale, akasema atanisaidia. Tukapatana ujira. Lakini naye ana maisha yake. Anakamua alfajiri, anapeleka maziwa, anaandaa watoto wa shule, anawapa ng'ombe majani. Anamaliza saa mbili. "Saa mbili nitakuwa hapa, baba," aliniambia, "kabla ya hapo siwezi." Na mama hakuweza kuachwa peke yake hata nusu saa, maana alikuwa akijaribu kuinuka.

Sasa piga hesabu, wewe msomaji. Jirani anafika Masama saa mbili kamili. Saa ile ile, Moshi, mstari mwekundu unapigwa.

Januari 2023 nilianza kusaini chini ya mstari. Dada wa mapokezi ndiye aliyekuwa akinishikia rula, na ninapoingia ananitazama kwa huruma kisha anaangalia pembeni. Siku ya tisa bosi akaniita.

"Kijana, umepatwa na nini?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza, si mtu mbaya. Akasema, "Pole sana na mama. Lakini nikikupa wewe nafasi ya kuja unapotaka, kesho wote watataka. Ofisi si kihamba, bwana. Huku si kijijini ambako mtu anaamka akijisikia."

Nikajibu, "Sawa, mzee," nikatoka. Lakini lile neno lilinikaa kifuani kama mfupa wa samaki. Ofisi si kihamba. Eti kihambani mtu anaamka akijisikia!

Usiku ule, mama amelala, nikamkumbuka baba na mfongo.

Kwa asiyekujua kwetu: mfongo ni mfereji. Wazee wetu waliichimba mifongo hii zamani kabla Mzungu hajakanyaga Kilimanjaro, wakayatoa maji mtoni huko juu, wakayatembeza ubavuni mwa mlima mpaka yafike kihambani kwa mtu. Maji ni yale yale na watu ni wengi, kwa hiyo kuna zamu. Wewe Jumanne asubuhi, yule Jumanne mchana, maji ya usiku yanakusanywa bwawani, ambalo kwetu huitwa nduwa, kesho yake yanafunguliwa. Kila mfongo una watu wake na kiongozi wao. Siku ya kuufukua, watu wa mfongo wanatoka. Asiyetoka bila sababu anatozwa faini, na zamani faini hiyo ililipwa kwa mbege au hata mbuzi. Anayefungua maji usiku kwa kuiba zamu ya mwenzake anaweza kukosa maji kabisa. Huo ndio uhuru wa kuamka ukijisikia!

Lakini kuna upande wa pili, nao ndio nilioukumbuka zaidi. Zamu ilikuwa inabadilishwa. Nilikuwa na miaka kama kumi, baba alinichukua kwenye mkutano wa mfongo. Mama mmoja mjane alikuwa amepewa zamu ya saa za alfajiri, na mtoto wake alikuwa anaumwa pumu, hawezi kumtoa nje kwenye baridi wala kumwacha ndani peke yake. Akasimama akasema shida yake. Wazee wakaulizana. Nani anaweza alfajiri? Baba akasema, "Mimi naweza, anipe mchana wake." Ikaisha. Hakuna aliyemwambia yule mama kwamba kesho wote watataka. Na kama wangetaka, si wangekaa tena waulizane?

Kwa hiyo kihamba kilikuwa na utaratibu mkali na kilikuwa na huruma, vyote viwili. Bosi wangu alikuwa anajua kimoja tu, na nacho alikuwa amekipa jina la kalamu.

Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye akanipatia nakala ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Nilidhani nitaukuta mstari mwekundu ndani yake. Sikuukuta. Sheria inaweka mpaka wa siku 6 kwa wiki, jumla ya saa 45 kwa wiki, na saa 9 kwa siku bila kuhesabu saa za ziada. Inataka mtu anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 apumzike dakika 60. Inaruhusu pia, mkiandikiana, mtu afanye kazi hadi saa 12 kwa siku pamoja na muda wa chakula bila malipo ya ziada, mradi asizidishe siku 5 wala saa 45 kwa wiki. Mama anayenyonyesha anapewa hadi saa 2 kila siku, ndani ya muda wa kazi, akamnyonyeshe mtoto. Lakini kwamba ni lazima kila mtu awe mlangoni saa mbili kamili asubuhi, hilo halimo. Ni bosi na saa yake ya ukutani. Wala sikukuta kifungu cha kumlazimisha bosi akubali ombi kama langu. Kumbe yote yanategemea kukubaliana.

Nikasoma zaidi, maana nikishaanza siachi. Mwaka 1967, huko Ottobrunn karibu na Munich, kampuni moja ya ndege ilichoshwa na foleni ya magari ya wafanyakazi wote wanaofika dakika moja. Kwa wazo la mama mmoja mchumi, Christel Kämmerer, wakawaambia watu: saa za katikati ya siku wote muwepo, lakini kuingia na kutoka kila mtu apange mwenyewe mradi atimize saa zake. Foleni ikapungua, kazi ikaendelea. Na jirani zetu wa Rwanda, mwezi ule ule wa Januari 2023 ambao mimi nilikuwa nasaini chini ya mstari, walianza ratiba mpya: kazi saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, shule saa mbili na nusu, ili mzazi apate kuwa na mtoto wake asubuhi. Saa moja ya kabla ya saa tatu mtumishi anaweza kuifanyia kazi popote alipo. Rwanda, siyo Ulaya! Nikajisemea, hili jambo si la mbinguni.

Nikaandika barua. Si barua ya kulia. Niliiandika kama baba angeisema kwenye mkutano wa mfongo: maji ni haya, zamu yangu naomba iwe hii, na nitawalipa hivi. Nilikuwa nafanya kazi saa 8 kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, na saa 5 Jumamosi, jumla 45. Nikapendekeza nianze saa tatu na nusu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na saa moja ya chakula katikati. Hiyo ni saa 7 na nusu kwa siku, mara 5 ni 37 na nusu. Zinabaki saa 7 na nusu. Hizo nitazifanya Jumamosi nyumbani kwa laptopu ya ofisi, nifunge hesabu za wiki nzima, na Jumatatu bosi azikute mezani. Jumla 45. Tujaribu miezi mitatu, isipofaa tuache. Ukurasa mmoja tu.

Bosi aliisoma mara mbili. Akachukua kikokotoo, akahesabu mwenyewe. Halafu akacheka. "Umenibana kwa hesabu, kijana. Haya, miezi mitatu."

Msomaji, siku ya kwanza nilipomsubiri jirani afike, nikampokea, nikaaga mama bila kukimbia, nililia kidogo njiani. Kwenye Hiace ya saa mbili na dakika kumi kuna nafasi ya kukaa! Sikuwa najua. Na hesabu? Jumamosi Masama, kahawa mezani, hakuna anayeita mashine imekwama, nilikuwa namaliza kazi ambayo ofisini ingenichukua siku mbili. Umeme ukikatika naandika kwa mkono, ukirudi naingiza. Miezi mitatu ikaisha, bosi hakusema kitu. Kwa lugha ya mabosi, hiyo ni ndiyo.

Ningeishia hapa ningekuwa nimewapa hadithi nzuri ya kijana mwerevu. Lakini kuna ukurasa mwingine.

Ofisini alikuwepo mama mhudumu. Namwita mama ingawa tulikuwa karibu rika moja. Alikuwa anafungua ofisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anafagia, anapiga deki, anachemsha chai, ili sisi tukifika sakafu iwe imekauka. Alikuwa na mtoto wa miaka minne, chekechea. Geti la chekechea lilikuwa linafunguliwa saa moja na nusu. Zamani bibi wa mtoto alikuwa anampeleka, lakini mwaka ule bibi akarudi Upareni kuuguza. Basi yule mama akawa anampeleka mwenyewe, halafu anakimbia. Anafika saa mbili, sisi tumeshaingia, anafagia katikati ya miguu yetu. Watu wakaanza kulalamika vumbi.

Siku moja mwezi Julai alinikuta peke yangu nikinywa chai. Alikuwa ameshika ufagio.

"Kaka, wewe walikuruhusu vipi kuja saa tatu na nusu?"

"Niliandika barua."

"Na mimi je? Wanaweza wakaniruhusu?"

Nikacheka. Nakumbuka nilicheka, na si kwa ubaya, lakini nilicheka. Nikamwambia, "Dada, kazi yangu ni ya hesabu, naweza kuibeba. Yako haibebeki. Ofisi lazima ifagiwe kabla ya watu kufika."

Akasema, "Haya, kaka." Akaendelea kufagia.

Agosti bosi aliniita nichape barua ya onyo. Nikachapa. Nilisahihisha hata sentensi zake, nikaweka tarehe zote alizochelewa, nilizitoa kwenye daftari langu mwenyewe. Septemba nikachapa ya pili. Barua ya tatu haikuhitajika. Mwanzoni mwa Oktoba aliacha funguo mapokezi, akaondoka.

Wiki mbili tukakaa bila mhudumu. Jioni moja nilikuwa mezani, saa kumi na moja na nusu hivi, wenzangu wote wameshaondoka tangu saa kumi na moja. Vumbi la siku nzima liko chini. Nikaona niliondoe kidogo karibu na meza yangu, nikachukua ufagio stoo. Nikafagia. Nikaendelea hadi mapokezi. Nikafagia na chumba cha bosi. Nilipomaliza nikaangalia saa: dakika 35. Nikasimama pale na ufagio mkononi, nikahisi uso unawaka moto.

Tangu Februari nilikuwa nabaki peke yangu kila jioni ndani ya ofisi tupu. Saa nzima, kila siku, miezi minane. Sakafu iko wazi, hakuna mguu wa mtu. Mama yule angeweza kufagia jioni, na asubuhi akaja saa mbili kuchemsha chai tu. Sikuhitaji kusoma sheria wala habari za Munich kuliona hilo. Lilikuwa chini ya kiti changu. Lakini sikuliona kwa sababu sikulitafuta, na sikulitafuta kwa sababu zamu yangu mimi nilikuwa nimeshaipata.

Kesho yake nikamwambia bosi. Akafikiri kidogo, akasema, "Kweli, inawezekana." Halafu akaniuliza, bila hasira kabisa, "Sasa kwa nini hukusema mwezi wa saba?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Akaajiriwa dada mwingine. Akapangiwa aje saa nne asubuhi, chai ya saa nne, shughuli ndogo ndogo za mchana, halafu afagie watu wakitoka, aondoke saa moja usiku. Mimi nikajipongeza. Nikaona nimelipa deni, japo kwa mtu asiyenidai.

Yule mama wa kwanza nilikutana naye mwaka 2024 sokoni Kwa Sadala. Anauza nyanya, anazichukua tambarare. Nilimwona kabla hajaniona, na nikiri kwamba miguu ilitaka kugeuka. Kwetu mtu aliyekosa anakwenda na jani la sale, akilipeleka mwenzake hawezi kukataa kumsikiliza. Mimi nilikuwa na mfuko wa nailoni na orodha ya vitu vya mama. Nikaenda hivyo hivyo.

"Shikamoo," nilisema, ajabu kweli, maana hatujazidiana umri kiasi hicho. Akacheka.

"Marahaba, mwanangu. Mama anaendeleaje?"

Alikumbuka. Nikamwambia anatembea kwa fimbo siku hizi, hadi mlangoni na kurudi. Nikamweleza na yale mengine: zile dakika 35, na kwamba sasa wanafagia jioni, na kwamba nilitakiwa kusema nikanyamaza. Alikuwa anapanga nyanya zake mafungu mafungu, hakuacha kupanga.

"Wewe uliandika, kaka," alisema. "Mimi niliuliza kwa mdomo. Na nilikuuliza wewe."

Halafu akaniuliza, "Anayefagia sasa ni nani?"

"Dada mmoja, anakaa Majengo."

"Ana watoto?"

"Sijui."

"Jioni saa moja, watoto wake wanakaa na nani?"

Nikanyamaza. Akanifungia mafungu mawili ya nyanya. Hakuniongezea hata moja, na sikudai nyongeza.

Jumatatu nilimuuliza yule dada. Ana watoto wawili, mkubwa yuko darasa la tatu. Jioni mkubwa anamfungia mdogo ndani, wanamsubiri mama gizani, anaogopa moto wa mshumaa. Angependa afagie mchana, ile saa ya chakula wengi wanapokuwa nje, na amalizie asubuhi. Nikasema, "Mbona hukusema?" Nilipoyasikia maneno hayo yakitoka mdomoni mwangu niliyatambua. Akajibu, "Niliambiwa ratiba ndiyo hiyo. Sikuulizwa."

Basi hapo ndipo nilipoelewa mkutano wa mfongo. Nilikuwa nimedhani maana yake ni kubadilisha saa: alfajiri iwe mchana, mchana uwe jioni. Kumbe yule mjane hakusaidiwa na saa. Alisaidiwa na kwamba alikuwa na mahali pa kusimama na kusema, na wenye maji walikuwa na wajibu wa kumsikiliza kwa sababu naye ni mtu wa mfongo. Mimi na bosi tulikuwa tumempangia mtu zamu tukiwa tumekaa wawili, halafu tukaiita huruma. Huko Uingereza, tangu Aprili 2024, mfanyakazi anaweza kuomba saa tofauti kuanzia siku ya kwanza ya kazi, na mwajiri haruhusiwi kukataa kabla ya kuzungumza naye. Si kwamba lazima akubali. Lazima wakae wazungumze. Wanasheria wa London wamefika pale walipokuwa wazee wa Masama chini ya mti.

Tulikaa mara moja ofisini, watu wote tisa, pamoja na mlinzi wa usiku ambaye hakuwahi kuingia kwenye kikao chochote tangu aajiriwe. Sitadai kwamba kila kitu kilipatikana. Mlinzi aliomba abadilishane wiki mbili za mchana na mwenzake ili alale nyumbani, bosi akasema mlinzi mwenzake yuko chini ya kampuni nyingine, haiwezekani. Haikuwezekana. Dada wa mapokezi hawezi kufanya kazi yake akiwa kwake, simu iko pale. Lakini aliomba siku ya kliniki ya mwanawe isikatwe kwenye likizo, atairudisha Jumamosi, akapewa. Dada wa Majengo anafagia saa ya chakula na asubuhi. Wale wanaobaki kula mezani wanalalamika kidogo kuhusu vumbi. Mimi ni mmojawapo, na nimenyamaza.

Daftari bado lipo, na rula ninayo mimi. Mstari mwekundu tumeuacha. Sasa kuna safu mbili, saa ya kuingia na saa ya kutoka, kila mtu anajaza zake, mwisho wa wiki najumlisha.

Ndugu msomaji, pengine wewe pia unaandaa barua yako. Una mgonjwa nyumbani, au una mtoto, au unataka tu saa mbili za asubuhi uandike hadithi zako kabla dunia haijaanza kukuita. Iandike, weka na hesabu, usilie. Bosi akiisoma akacheka, umeshinda nusu. Lakini kabla hujaipeleka, tazama nani anafagia pale ulipokaa, na anatoka wapi, na nani anabaki na watoto wake. Muulize. Usimpangie, muulize.

Saa mbili kamili asubuhi leo nilikuwa mlangoni, jirani yangu alichelewa dakika ishirini. Ng'ombe wake alizaa usiku. Alifika mikono bado ina damu, akaomba msamaha. Nikamwambia anawe kwanza, maji ya moto yapo. Ofisini nilifika saa nne kasoro dakika kumi. Nimejaza hivyo hivyo.